Kinyozi Hajinyoi: Msuko, Picha na Wembe katika Ufuo wa Ziwa

Mwanafunzi wa fasihi simulizi hukumbushwa mapema kwamba ngano iliyochapishwa kitabuni si ngano iliyotambwa. Sauti imeondoka, ishara za mikono zimeondoka, na hadhira iliyokuwa ikiitikia imeondoka pia. Kilichosalia ni maneno. Katika makala haya ninakusudia kulipeleka jambo hilo kwenye sanaa ambayo idara zetu hazijazoea kuihesabu kuwa jirani ya fasihi, nayo ni sanaa ya nywele. Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikipiga picha za misuko ya wanawake wa Kisumu na wa vijiji vya ufuo wa Ziwa Viktoria, kuanzia Dunga hadi Asembo, na kuzisoma sambamba na picha za kale zilizopigwa na wageni katika eneo hilo. Kadiri picha zilivyoongezeka ndivyo swali moja lilivyozidi kunikabili: picha ya msuko huhifadhi nini, nayo huacha nini nje?

Jibu ninalolitetea ni hili. Maana ya nywele haimo katika umbo la msuko peke yake. Imo katika uhusiano baina ya kichwa na mkono unaokishughulikia, na imo katika mfuatano wa hali ambazo kichwa hicho hupitia, ikiwemo hali ya kukosa nywele kabisa. Kamera ni hodari wa kunasa umbo. Uhusiano na mfuatano huiponyoka, isipokuwa mpiga picha awe amejitaabisha kuvitafuta kwa njia nyingine.

Hebu kwanza tuisikilize lugha yenyewe. Mhakiki wa Kiswahili hutumia neno "msuko" kila siku anapozungumzia mpangilio wa matukio katika riwaya au tamthilia, na aghalabu husahau kwamba neno hilo limetoka katika vidole vya watu. Husukwa mkeka, husukwa ukili, husukwa kamba, husukwa nywele. Na hadithi nayo ikasukwa. Katika matumizi yote hayo pana wazo la wakati: uzi huu hupita juu ya ule, kisha chini yake, na atazamaye kazi iliyokamilika huona mwisho wa safari ambayo hakuishuhudia. Methali nazo zina lao. "Kinyozi hajinyoi" hutukumbusha kwamba kichwa cha mtu ni mahali asipopafikia mwenyewe. Hana budi kumwinamia mwenziwe. Nayo "Mwenzako akinyolewa wewe tia maji" hutukumbusha kwamba vichwa hufuatana, na kwamba zamu ya mmoja ni ilani kwa mwingine. Inafaa tuzingatie kwamba methali zote mbili zinahusu wembe, wala si kitana. Nitarudi kwenye jambo hilo.

Katika makala yake kuhusu tanzu za fasihi simulizi, yaliyotoka katika jarida la Mulika mwaka 1989, M. M. Mulokozi alisisitiza kwamba fasihi simulizi ni tukio, na kwamba tukio hilo hufungamana na fanani, hadhira, fani inayotendwa, mahali na wakati. Nimewahi kulitumia fungu hilo la sifa darasani kama kipimo cha picha moja ya msuko, na matokeo yake yaliwashangaza wanafunzi. Fani ilikuwapo, tena kwa ukamilifu unaopendeza: kila mstari ulionekana. Fanani hakuwapo. Hadhira haikuwapo. Mahali palikuwa ukuta usio na jina, na wakati ulikuwa sehemu ndogo ya sekunde. Mwanafunzi mmoja akasema kwamba picha hiyo ilikuwa kama kitendawili kilichochapishwa bila "tega" wala jibu. Sikuwa na la kumwongezea.

Kuondoka kwa fanani si jambo la nadharia tupu. Jumapili moja katika soko la Kibuye nilimwomba msusi ruhusa ya kumpiga picha mteja wake aliyekuwa ameketi chini ya mwavuli, kichwa nusu kimesukwa. Mteja alikubali. Papo hapo msusi aliinua mikono, akajifuta kwa kitambaa, akasogea kando kwa adabu. Nikamwambia, "Dada, rudi tafadhali, naitaka na mikono yako." Akacheka. "Mwalimu, mikono imejaa mafuta. Watu wataka kuona nywele." Nilipomsihi alirudi, lakini vidole vilikuwa vimekakamaa, havikuwa tena vikisuka, vilikuwa vikipigwa picha. Mteja alipoona hivyo akaanza kumchokoza kwa Kijaluo kuhusu karamu fulani, yule msusi akajibu, na baada ya dakika chache vidole vikarudi katika kazi yake. Picha niliyoipata ina mikono. Mazungumzo yaliyoifanya mikono ile ilegee hayamo.

Nimelieleza tukio hilo kwa urefu kwa sababu mazungumzo hayo ndiyo hadhira. Kusuka huchukua saa nyingi, na katika saa hizo husimuliwa habari za ndoa, madeni, maradhi na majirani. Anayesukwa hawezi kuondoka, na anayesuka hawezi kunyamaza. Mtafiti wa masimulizi ya wanawake mjini Kisumu angepata mengi zaidi chini ya miavuli ile kuliko katika mahojiano yaliyopangwa. Hata hivyo picha za misuko zinazotundikwa kwenye kuta za saluni, ambazo ndizo albamu mashuhuri zaidi za sanaa hii katika miji yetu, huonyesha vichwa visivyo na wasusi, kana kwamba nywele zilijisuka zenyewe usiku.

Majina nayo ni sehemu ya tukio. Huku kwetu misuko ya mistari huitwa matuta, jina lililotoka shambani, na macho ya mkulima hayana shida kuona kwa nini: kichwa kimelimwa, kikagawanywa, kikapandwa. Abuja ni jina la mji mkuu wa Nijeria, nalo limekaa vichwani mwa wasichana wa Kondele ambao hawajavuka mpaka wowote. Ng'ambo ya mpaka, nchini Tanzania, upo msuko mwepesi wa mistari iliyonyooka unaoitwa "twende kilioni". Jina hilo ni hadithi nzima: habari ya msiba imefika, hakuna muda wa mapambo, kichwa kisipotengenezwa ni aibu na kikitengenezwa mno ni aibu vilevile, basi kisukwe upesi, twende. Mpigie picha mwanamke aliyesukwa hivyo bila kuandika jina la msuko, nawe umepata mistari iliyonyooka. Liandike jina, na kilio kinasikika. Hapa neno si pambo la picha. Ndilo linaloifanya isomeke.

Tukizigeukia picha za kale za ufuo huu, tunaona kwamba waliozipiga hawakukosa maneno. Walikuwa nayo, ila yalikuwa maneno ya aina nyingine. Reli ilifika ziwani Desemba 1901, mahali palipoitwa Port Florence, ambapo ndipo Kisumu ya leo. Mwaka uliofuata C. W. Hobley, afisa wa utawala wa kikoloni aliyefanya kazi na kupiga picha katika eneo hili, alichapisha utafiti wake juu ya watu wa Uganda ya Mashariki, kwani hadi mwaka huo wa 1902 sehemu hizi zilihesabiwa kuwa upande wa Uganda. Katika maandishi ya zama hizo jina "Kavirondo" lilitumika kwa ghuba, kwa nchi, kwa Wajaluo na hata kwa Waluhya. Chini ya kichwa cha mtu liliandikwa jina la kundi, na kundi lenyewe liliitwa kwa jina ambalo wenyewe hawakujiita. Mtindo wa nywele au wa kofia ya manyoya ulichukuliwa kuwa alama ya kabila, kama vile mistari ya pundamilia ilivyo alama ya pundamilia. Kwamba kichwa hicho kilikuwa cha mtu fulani, kilichotengenezwa na mtu fulani, kwa ajili ya siku fulani, hakukuwa na nafasi ya kuliandika.

Mwaka 1936 E. E. Evans-Pritchard, ambaye jina lake hukumbukwa zaidi kwa kazi zake juu ya Waazande na Wanuer, alikaa kwa muda mfupi miongoni mwa Wajaluo na kupiga picha ambazo sasa zimehifadhiwa katika Makumbusho ya Pitt Rivers, Oxford. Miaka miwili baadaye, mwaka 1938, Paul Mboya alichapisha kwa Kijaluo kitabu chake kuhusu mila na desturi za Wajaluo. Kazi hizo mbili zikiwekwa meza moja, tofauti huonekana bila juhudi. Moja ina nyuso bila sauti. Nyingine ina kauli za ndani ya boma bila nyuso. Mwaka 2007 nakala za picha za kale zilirudishwa Nyanza na kuonyeshwa kwa wenyeji katika maonyesho yaliyoitwa Paro Manene, yaani kuyatafakari ya zamani, kutokana na kazi ya Christopher Morton na Gilbert Oteyo. Umuhimu wa safari hiyo ya kurudi, kwa maoni yangu, ni kwamba picha iliyowekwa mbele ya watu wa mahali ilikopigwa huacha kuwa kielelezo cha kabila na kuanza tena kuwa mazungumzo. Mtu huinama, hutazama, hukohoa, kisha huanza kusimulia.

Msomaji atasema, na atakuwa na haki, kwamba lawama hizi ni za kamera ya mgeni, na kwamba Mwafrika akiishika kamera mambo hubadilika. Mfano mashuhuri kabisa ni J. D. 'Okhai Ojeikere wa Nijeria (1930–2014), ambaye alianza mwaka 1968 kupiga picha za mitindo ya nywele na akaendelea hadi picha zikakaribia elfu moja. Ni picha nyeusi na nyeupe, na nyingi zimepigwa kutoka nyuma, hivyo kwamba kisogo na shingo ndivyo vinavyozungumza. Ojeikere hakuridhika na umbo: alitafuta na kuandika majina ya mitindo. Kwa kufanya hivyo aliwapa wasusi wa nchi yake hadhi ya wachongaji. Hata hivyo swali langu linabaki. Kisogo kinachopendeza ni kisogo kilichopambwa. Na mkusanyaji wa mitindo, awe mgeni au mwenyeji, hukusanya vichwa katika siku zao njema. Ni nani aliyewahi kukusanya vichwa katika siku zao za msiba?

Jibu nililolipata halikutoka kwa mpiga picha. Lilitoka kwa mshairi, tena mshairi aliyewahi kuishi Kisumu. Okot p'Bitek alichapisha Song of Lawino mwaka 1966, na Paul Sozigwa akaitafsiri kwa Kiswahili kama Wimbo wa Lawino. Mwaka 1968, mwaka ule ule Ojeikere alipoanza kazi yake, Okot alikuwa Kisumu akishughulika na elimu ya watu wazima na kuandaa tamasha la sanaa mjini humo. Wasomaji wengi huikumbuka sehemu ya nywele katika utenzi huo kwa sababu ya dhihaka zake dhidi ya vichwa vilivyounguzwa kwa chuma cha moto ili vifanane na vya wazungu. Lakini Lawino hasifu tu nywele za ngoma. Anaeleza pia kwamba kifo kinapotokea wanawake huacha nywele bila kuchanwa na kuvua mapambo, na kwamba anayejipamba wakati wenziwe wanalia hushukiwa kuwa anahusika na kifo hicho. Waacholi si Wajaluo wa Kenya, ijapokuwa lugha zao ni ndugu, nami sidai kwamba desturi za hawa ni desturi za wale. Ninachodai ni kwamba Lawino anatupa albamu kamili kuliko zile za kamera: ana kichwa cha ngoma na kichwa cha matanga katika ukurasa ulio karibu, na kila kimoja hupata maana kwa sababu ya kingine. Huo ndio msuko, kwa maana zote mbili za neno.

Katika ufuo wetu kichwa cha matanga aghalabu kilikuwa kichwa kilichonyolewa. Liedo, yaani kunyolewa kwa wafiwa siku chache baada ya mazishi, ilikuwa mojawapo ya nguzo za maombolezo ya Wajaluo. Leo familia nyingi hukata nywele kidogo tu kama ishara, na nyingine zimeliacha jambo hilo kwa sababu za dini. Kwa Waislamu wa pwani wembe hutangulia mwanzoni mwa maisha: mtoto hunyolewa siku ya saba katika akika, na nywele zake hupimwa ili fedha ya uzani huo itolewe sadaka. Tukiziweka desturi hizo pamoja tunaona kwa nini methali zetu zilichagua wembe. Msuko hupamba katikati ya maisha. Wembe husimama milangoni.

Nina shangazi aliyefiwa na mumewe mwaka 1991. Katika albamu ya familia ipo picha yake ya Krismasi ya mwaka 1989, nywele zimesukwa kwa uzi na kusimama kama miale. Picha inayofuata ni ya mwaka 1993, nywele ni fupi, zimechanwa nyuma. Katikati hapana kitu. Albamu yetu haina upekee katika hilo. Nimezipekua albamu za jamaa na marafiki kadhaa kule Seme na Asembo, na pengo ni lile lile. Jeneza lina picha, umati una picha, wanakwaya wana picha. Kichwa cha mjane baada ya liedo hakina.

Nilipomuuliza shangazi kuhusu pengo hilo, alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kitoto. "Nani angeleta kamera pale, mwanangu? Na ingeona nini? Kipara." Kisha akanisimulia yale ambayo kamera isingeyaona. Aliyemnyoa alikuwa mjane mkubwa wa ukoo. Maji yalikuwa baridi. Yule mama alimshika kidevu kwa mkono wa kushoto na hakukiachilia hadi alipomaliza, na hakusema neno lolote. "Mkono ule naujua hata leo," alisema. Nikamuuliza kama wembe ulimuumiza. Akafikiri kwa muda. "Wembe haukuniuma. Kilichoniuma ni kwamba hakuna aliyeniuliza."

Ameniruhusu niyaandike maneno hayo pasipo kulitaja jina lake, nami nimeyabeba kwa muda mrefu kwa sababu yanakataa kukaa upande mmoja. Anayetaka kuitetea mila atapata ndani yake mkono wa mjane mwenziwe, upole usio na maneno, na ujuzi wa jamii iliyojua namna ya kumshika kidevu mtu aliyevunjika. Anayetaka kuishtaki mila atapata mwanamke ambaye kichwa chake kiliamuliwa na wengine, katika mazingira ambamo kukataa kungeitwa kualika chira, yaani balaa la kuvunja mwiko. Mambo yote mawili ni ya kweli, na yalitokea kwa wakati mmoja, chini ya mkono mmoja. Picha ya kichwa kile, hata kama ingekuwapo, isingetuambia lolote kati ya hayo. Ingetuambia kipara, kama alivyosema mwenyewe.

Hapa ndipo ninapoona kwamba suala la kupiga picha za nywele si suala la urembo tu. Swali la nani ana mamlaka juu ya kichwa cha mtu bado liko hai nchini Kenya. Sheria ya Kinga dhidi ya Unyanyasaji wa Nyumbani ya mwaka 2015 ilitaja kutakaswa kwa wajane na kurithiwa kwa nguvu miongoni mwa matendo ya unyanyasaji. Septemba 2019 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamua kwamba mwanafunzi wa dini ya Rastafari hakupaswa kuzuiwa shuleni kwa sababu ya nywele zake. Mpiga picha anayeingia katika uwanja huu akidhani kwamba anakusanya "mitindo ya asili" anaingia katika mabishano ambayo yalianza kabla yake. Akipiga picha za vichwa vilivyopambwa pekee, atatuachia utamaduni usio na kifo wala shuruti. Akivipiga vichwa vilivyonyolewa bila neno la wenyewe, atarudia kosa la zama za Kavirondo: kichwa kimoja, kundi zima, mtu hayupo.

Sipendekezi kwamba tuziweke kamera chini. Misuko hufumuliwa, na isiyopigwa picha hupotea kama hadithi isiyosimuliwa tena. Ninapendekeza kwamba tuzitunze picha hizi kwa nidhamu ile ile tunayoidai katika kukusanya matini za fasihi simulizi. Darasani kwangu kila picha huambatana na karatasi yenye majibu ya maswali sita. Msuko unaitwaje katika lugha ya aliyeusuka? Msusi ni nani kwa anayesukwa: mama, dada, rafiki, au mtu wa kulipwa? Ulisukwa wapi, na kwa ajili ya siku gani? Kichwa hiki kilikuwaje kabla yake? Kitakuwaje baadaye, na nani ataamua? Na mwenye kichwa amekubali nini hasa: kupigwa picha tu, au pia kuonyeshwa, kutajwa na kuhifadhiwa?

Swali la nne na la tano ndiyo yanayowapa wanafunzi taabu, kwa sababu majibu yake hayaonekani kwenye picha, nayo ndiyo yanayorudisha msuko katika msuko wake. Karatasi moja iliyoletwa na mwanafunzi kutoka Homa Bay iliambatana na picha ya kisogo cha mama wa makamo, mistari minane iliyonyooka, isiyo na ufundi wa kutajika. Chini ya swali la nne aliandika: "Alinyolewa mwezi wa pili, alipofiwa na mwanawe." Chini ya swali la msusi aliandika: "Binti yake aliyebaki." Tuliitazama picha ile darasani kwa muda mrefu, na hakuna aliyeuliza kwa nini ilipigwa.